Mzinga wa Amiri Juu ya Mkuyu

Dodoma, 3 Oktoba 1912

Kwa mdogo wangu Makame bin Zaidi, karani wa mizigo, Stesheni ya Morogoro.

Pokea salamu nyingi, za mama zikiwa juu na zangu chini yake. Sisi wazima, isipokuwa mama anakohoa asubuhi, na mimi nimeungua mkono kwa mafuta ya vitumbua kwa sababu gari la moshi siku hizi linafika mapema na abiria wake hawana subira. Naandika kwa herufi za Kizungu ulizonifundisha mwenyewe, kwa hiyo ukiona makosa ujue mwalimu alikuwa mvivu.

Neno lililonifanya ninunue karatasi ni hili. Ule mkuyu wa uani umepasuka. Si gome tu, ni mti wenyewe. Pale kwenye panda, shina linapogawanyika, pana ufa ambao mkono wangu unaingia mpaka kiwikoni, na maji meusi yanachuruzika. Lile tawi kubwa lililolala juu ya chumba cha mama linazidi kushuka. Zamani nilikuwa napanda paani kuanika mtama nikalipita chini bila kuinama. Juzi limenivua ushungi.

Unalijua tembe letu. Fito na udongo, basi. Mvua ikinyesha udongo ule hunywa maji ukawa mzito, na tawi likianguka wakati huo litaliteremsha paa zima juu ya kitanda cha mama. Nimemwambia ahamie chumbani kwangu. Amejibu kwamba kitanda chake kimezoea pale kilipo, akaenda kupepeta.

Nataka nitafute fundi wa miti aukate kabla ya mvua. Sisemi wale vijana wa sokoni wenye shoka moja na maneno mengi, waliokata mkungugu wa jirani ukalalia zizi la mbuzi. Nasema fundi anayejua kazi. Lakini nyumba ni ya baba, Mungu amrehemu, na mwanamume wa nyumba sasa ni wewe, ingawa uko huko unahesabu magunia ya watu. Nipe neno lako upesi.

Dada yako,
Waridi binti Zaidi


Morogoro, 11 Oktoba 1912

Kwa dada yangu mpenzi Waridi.

Shikamoo, na mama umshikie miguu kwa niaba yangu. Barua yako niliisoma ofisini nikaisoma tena nyumbani, na chakula sikukiona ladha.

Dada, nakuomba usiukate. Hapa Morogoro miti imejaa, maji yanateremka milimani usiku na mchana, na watu hawaelewi mtu anawezaje kulilia vumbi la Ugogo. Mimi nalilia. Nikifumba macho nauona ua wetu jinsi ulivyokuwa: punda wa baba wamefungwa chini ya mkuyu, mizigo ya chumvi na majembe imepangwa kivulini, na baba ameketi juu ya furushi akiwaita wapagazi kila mmoja kwa jina lake. Asubuhi kuyu zilizoiva zilikuwa zikidondoka juu ya paa, na mama akizifagia huku akizitukana. Nani anafagia sasa, ni wewe?

Nawe unamkumbuka Amiri. Mjomba alipomfundisha kuchonga mzinga kwa gogo, kaka yetu alishinda nao siku nzima hataki kula. Aliubeba mgongoni, akapanda kwa vigingi mpaka juu kabisa, akaufunga kwa kamba za ngozi, na sote tukasimama chini tukimwomba Mungu asianguke. Siku ya kurina asali alishuka amevimba jicho moja, anacheka, na sega la kwanza akanipa mimi kwa kuwa ndimi mdogo. Baadaye alipofuata msafara wa kwenda Ujiji, ndevu ndiyo kwanza zinamchokoza, aliniambia niuangalie mzinga wake mpaka arudi. Nilikuwa mtoto, lakini neno lile nimelishika.

Je, hamjasikia habari zake? Uwaulize abiria wanaotoka Tabora unapowauzia vitumbua. Mimi gari la kutoka bara likisimama hapa huacha kalamu nikaenda kutazama nyuso. Sasa fikiri, Amiri anashuka Dodoma, mji umebadilika wote, nyumba za mabati, barabara zilizonyooshwa, anautafuta mkuyu wa kwao haupo. Ataijuaje nyumba?

Utegemezeni kwa nguzo. Na mama usimchokoze kwa habari hii. Anayemngoja mwanawe haambiwi akate mti wa mwanawe.

Mimi ndugu yako,
Makame


Dodoma, 19 Oktoba 1912

Kwa Makame.

Nimeisoma barua yako tamu, nikalia kidogo, kisha nikafanya kinyume chake. Usinikasirikie. Wewe unaulilia mkuyu ukiwa Morogoro, mama analala nao ukiwa juu ya kichwa chake.

Kuyu nafagia mimi, na natukana kuliko mama.

Nimemwandikia fundi. Anaitwa Bartolomayo Matonya, anakaa Mlali, upande wa Kongwa, Mkristo wa misheni. Alikuwa akiwakatia miti wajenzi wa reli, na watu wanasema aliuangusha mkuyu mmoja mkubwa uliosimama ubavuni mwa kanisa na udongo wa ukutani haukubanduka. Nimempelekea barua kwa watu waliokuja kuuza kuku.

Mama nimemwambia, kwa sababu siwezi kumleta mtu na shoka uani kwake kimyakimya. Kila nikitaja mkuyu yeye huchukua ufagio. Nadhani na yeye anamngoja Amiri, na mlango wa chumba chake ndio unaotazama njia ya magharibi, ndiyo maana hahami. Moyo unaniuma kwa hilo kuliko unavyofikiri. Lakini paa ni paa, ndugu yangu.

Waridi


Mlali, 27 Oktoba 1912

Kwa Bi Waridi binti Zaidi, Dodoma.

Salamu kwako na kwa mama yako mzazi. Mimi Bartolomayo nimepata barua yako. Kazi nitaifanya. Ila siji na shoka kabla sijaujua mti, kwa hiyo nijibu haya.

Gonga shina kwa kisigino cha shoka, chini na kiunoni. Linalia kama ngoma au linalia zito? Mizizini kuna uyoga? Ufa uko upande wa nyumba au upande wa pili? Upepo wa hapo kwenu mwezi huu unatoka wapi? Chini yake kuna kisima, kaburi, au nyumba ya jirani? Na juu yake, kuna kitu cha mtu yeyote?

Mti wa namna hii hauangushwi mara moja. Unashushwa kutoka juu, tawi kwa tawi, kila tawi likiwa limefungwa kamba na watu wanaolishikilia wakilipeleka chini polepole. Ninao watu wangu. Usitafute wengine hapo mjini, wanapiga kelele na mimi sitaki kelele nikiwa juu.

Juu ya malipo, magogo yatakuwa yangu. Mkuyu unachongeka, unatoa vinu na mizinga. Mengine tutaelewana nikiwa hapo.

Bartolomayo Matonya, fundi


Dodoma, 2 Novemba 1912

Kwa Fundi Bartolomayo.

Ahsante kwa maswali yako, sijapata kuulizwa mengi hivi hata siku ya kuposwa. Nimegonga. Chini linalia zito, kiunoni linalia ngoma. Uyoga upo, mweupe, mbuzi hawaugusi. Ufa unatazama nyumba. Upepo unatoka mashariki. Chini hakuna kisima wala kaburi, kuna chumba cha mama yangu Bi Stara, na yeye ndani.

Juu hakuna kitu ila kamba yangu ya kuanikia nguo, nitaifungua.

Njoo upesi.

Waridi binti Zaidi


Dodoma, 15 Novemba 1912

Kwa Bwana Makame bin Zaidi, Morogoro.

Salamu. Hunijui. Mimi ndimi fundi aliyeitwa na dada yako kuukata mkuyu wenu. Nakuandikia wewe kwa kuwa jambo lililo hapa si la dada yako tena.

Nilianza Jumatatu. Nilianza na matawi ya magharibi, kwa sababu pale ndipo pana nafasi ya kuyashushia, nikayamaliza yote salama. Jana nikapanda upande wa nyumba, na kwenye lile tawi kubwa, ndani ya majani mazito, nikakuta mzinga. Mzinga wa zamani, umefungwa kwa ngozi, una alama ya mwenyewe iliyochomwa kwa chuma, na nyuki wamo. Nikashuka. Nikamwuliza dada yako, ulisema hakuna kitu, huu nini? Akasema, ah, huo, mimi nilidhani ulikwisha kuanguka, na hata kama upo ni gogo tu. Nyinyi watu wa mjini.

Bwana Makame, mama yenu ni Mgogo, atakueleza kuliko mimi. Mti ukitundikwa mzinga hauguswi na shoka mpaka mwenye mzinga aushushe au atoe ruhusa kwa kinywa chake. Akiwa amekufa, unarithiwa na mdogo wake wa kiume wa tumbo moja, na huyo lazima aseme mbele ya watu kwamba ndugu yake amekufa na mzinga sasa ni wake. Mimi ni Mkristo, nimebatizwa, lakini mzinga wa mtu ni mzinga wa mtu. Baba yangu alikaa na mti uliolalia zizi lake mpaka mwenye mzinga aliporudi kutoka safari, na hakuna aliyemcheka.

Nikauliza ni wa nani. Mama yenu akatoka ndani, akautazama kwa muda mrefu. Akasema, "Ni wa Amiri, mwanangu." Nikauliza Amiri yuko wapi nimwone. Akasema hayupo. Nikasema basi, akirudi ataushusha mwenyewe, ama kama harudi, mdogo wake aseme. Mama akaingia ndani akafunga mlango.

Sasa sikia vizuri. Mimi nilikwisha kutoa matawi ya magharibi, na uzito wote uliobaki unalalia nyumba. Mti huu leo ni mbaya kuliko nilivyoukuta. Nimeweka nguzo chini ya tawi, lakini nguzo si dawa. Dada yako ametaka kuwaita vijana wa sokoni waumalizie, nao waliposikia mzinga wakaweka mashoka begani wakaenda zao.

Nimefikia kwa ndugu zangu Zuzu. Kila siku nakuja kutazama nguzo. Nangoja neno lako.

Bartolomayo Matonya


Morogoro, 21 Novemba 1912

Kwa dada Waridi.

Shikamoo. Nimepata barua ya fundi wako, na nisikufiche, nilicheka peke yangu ofisini hadi Bwana Stesheni akachungulia dirishani. Mzinga upo. Miaka yote hii upo, na nyuki wamo. Umeona? Amiri ameuzuia mti mwenyewe, akiwa huko aliko. Ulisema ni gogo tu.

Sasa neno limekwisha, dada. Mwenyewe hayupo, mti haukatwi, tusubiri. Fundi aongeze nguzo, hata kumi, na afunge minyororo, mimi nitaiomba hapa kwenye karakana ya reli. Na hilo analolitaka, niseme mbele ya watu kwamba kaka yangu amekufa, mimi sitalisema. Nani ameona maiti? Watu wamekaa Kongo muda mrefu kuliko huo wakarudi na wake na watoto. Wiki iliyopita alishuka mtu kwenye gari, mrefu, ana mwendo wa Amiri kabisa, anarusha bega la kushoto. Nilimkimbilia mpaka kwenye lango. Alikuwa Mnyamwezi anayekwenda Dar es Salaam kutafuta kazi. Akaniuliza kama namdai.

Na mama je, umemfikiria? Mama ataishi vipi akisikia mwanawe wa kiume anamtangaza mwanawe mwingine kuwa maiti? Utamwua kwa huzuni kabla tawi halijamgusa. Mhamishe chumba, hata kwa nguvu. Mti uache.

Nimeota niko uani, nasikia kuyu zinadondoka.

Makame


Dodoma, 1 Desemba 1912

Kwa mdogo wangu Makame.

Kaa chini kwanza ndipo usome.

Alhamisi upepo ulitoka upande wa Hombolo, na nguzo moja ya fundi ikakatika. Tawi lilishuka likakaa juu ya paa. Halijaanguka, limekaa, na kila likitikisika udongo unadondoka kitandani kwa mama. Unajua mama alifanya nini? Alitundika mkeka kwa fito juu ya kitanda ili upokee udongo, akajilaza chini ya mkeka. Nikamvuta mkono. Hakuvutika.

Makame, hapo nilimpandishia mama sauti, jambo nisilopata kulifanya tangu nizaliwe, Mungu anisamehe. Nilimwambia aseme tu kwamba Amiri amekufa, hata kama si kweli, fundi afanye kazi yake, na Amiri akirudi tutamwangukia miguuni atusamehe, kwani ni ndugu yetu ataelewa. Mama akainuka akaketi. Akajipangusa udongo usoni kwa upole, akaniambia:

"Amiri alikufa, Waridi. Alikufa kwa ndui njiani, hawajafika Tabora. Mkuu wa msafara wao aliniambia kisimani siku ile waliyorudi."

Nilidhani amechanganyikiwa. Kumbe akili zilizochanganyikiwa ni zangu. Alinieleza yote bila kulia, amekwisha kulia zamani. Siku hiyo aliposikia alikuwa na mtungi kichwani. Hakuutua, alirudi nao nyumbani umejaa. Wewe ulikuwa umelala na homa ile iliyokukondesha, siku kadhaa hutaki kula, na umesikia msafara umerudi. Ukamwuliza, Amiri yuko wapi? Akaona akikuambia atawazika wawili. Akasema amebaki bara anafanya biashara, atarudi wakati wa mavuno. Ukainuka ukanywa uji. Mavuno yakafika ukauliza tena, naye akasogeza mavuno mbele. Baadaye ukaenda shule ya serikali, ukaenda kazini, na hakuna barua uliyoileta isiyouliza habari za Amiri. Anasema kila mara niliposoma mahali hapo alikuwa akitafuta kazi ya mikono.

Ule ufagio, Makame. Nimeuona miezi yote hii na sikujua naona nini.

Kila Shaaban, tunapomsomea baba hitima, alikuwa akimwomba mwalimu faraghani aongeze jina la pili. Mwalimu anajua. Mimi sikuambiwa, kwa kuwa mama anasema nisingeweza kunyamaza, na hapo sina la kujitetea.

Nikamwuliza, sasa kwa nini unalala chini ya tawi hili kama humngoji mtu? Akasema nikuandikie maneno haya kama alivyoyatamka: "Makame akija likizo hupita akigusa kila kitu, mlango, jiwe la kusagia, mti. Anahakikisha vyote vipo ndipo anapokaa kula. Mimi nililala hapa nisimpunguzie hata kimoja. Sasa nimechoka, mwanangu. Aliyekuwa akingoja ni wewe."

Nimelia kuanzia siku hiyo. Nalia nikikaanga, wateja wanadhani ni moshi. Namkumbuka Amiri alivyonipandisha mara moja mpaka kwenye panda, mimi msichana, mama asijue, akanionyesha nchi, wakati huo reli haipo, mji haupo, mtama mtupu mpaka vilimani. Alisema nisitazame chini. Nilikuwa nimemwekea maneno ya kumwambia akirudi, kwamba nimeolewa nimeachwa, kwamba napika kuliko mama. Sasa nimebaki nayo. Kumbe na mimi nilikuwa namngoja, nilikuwa najificha nyuma ya mama.

Fundi yuko hapa. Mama amezungumza naye kwa Kigogo na kumwambia ukweli. Akavua kofia, akamwambia pole. Lakini hakushika shoka. Anasema mzinga haurithiwi na mama wala dada, na mama amemuunga mkono, anasema ndivyo ilivyo. Mrithi ni wewe. Akipata maandishi yako yatamtosha, kwa kuwa likizo yako iko mbali na mvua iko karibu, ila maneno lazima uyaseme kwanza huko mbele ya watu, kisha uyaandike.

Mama sasa amekubali kulala chumbani kwangu, ila vitu vyake vyote vimo chini ya paa lile, na mchana anaingia na kutoka humo nisivyoweza kumzuia. Andika, ndugu yangu. Sikuhimizi kwa ukali, nakuhimiza kwa mapenzi.

Waridi


Dodoma, 9 Desemba 1912

Makame,

Magari yamepita bila barua yako. Nilimwuliza mpaka karani wa posta kama ameikalia.

Sikulaumu. Mimi nilikuwa na mama wa kunishika mkono niliposikia, na wewe ulikuwa na karatasi tu. Nimejuta kukuandikia kwa mkupuo. Mama anauliza kila asubuhi kama unakula huko.

Fundi anakuja kila siku na shoka lake amelizungushia gunia. Anakaa uani, mama anampa uji, wanaongea Kigogo mambo ya mizinga na vilima vya Kongwa ya zamani, kabla ya reli, na wakati mwingine mama anacheka. Sijamsikia akiongea Kigogo kiasi hiki tangu mjomba afariki. Fundi anasema baba yake alikuwa na mizinga kwenye miti yote ya bonde lao, na miti hiyo aliikata fundi mwenyewe kuwapa watu wa reli, baada ya ndugu zake kugawana mizinga na kila mmoja kushusha wake. Anasema kazi ilikuwa nzuri na hana anachojutia, lakini hapiti tena kwenye bonde lile.

Jana paliangaza umeme upande wa Zuzu. Leo asubuhi matone machache yaliloanisha vumbi, yakaacha.

Waridi


Morogoro, 13 Desemba 1912

Kwa Fundi Bartolomayo Matonya, mikononi mwa Bi Waridi binti Zaidi, Dodoma.

Salamu kwako, na ahsante kwa kumvumilia mama yangu, au yeye kukuvumilia wewe, sijui ni lipi.

Nimechelewa. Kila nikianza barua hii mkono uliandika habari nyingine, za mvua ya huku, za bei ya mtama, nikachana. Juzi gari la kutoka bara lilisimama hapa nikabaki kitini. Nilisikia watu wanashuka, wanaitana, wachukuzi wanagombania mizigo, na kalamu sikuiweka chini. Gari lilipoondoka ndipo nikajua kwamba nimekwisha kuamini. Nikaweka kichwa juu ya meza, na wenzangu wakanifungia mlango watu wasione.

Leo baada ya sala ya Ijumaa nilisimama barazani mwa msikiti, nikawaomba makarani wenzangu na wachukuzi wa stesheni wanisikilize. Wengi wao hawalijui hata jina la kaka yangu. Niliwaambia alikuwa nani, alivyopanda, alivyocheka, umri aliokuwa nao. Nilisema yale uliyoyataka kwa sauti, na nilipofika kwenye neno lenyewe sauti ilinitoka vizuri, hata mimi nilishangaa. Wakainua mikono wakamsomea fatiha. Ni mara ya kwanza kumsomea. Mama ameisoma peke yake miaka yote, nami nilikuwa nikimwuliza habari.

Mwambie mama nakula. Mwambie nitakuja likizo ya Machi, na nikifika nitakaa nile kwanza.

Haya ndiyo maandishi uliyoyangoja.

Mimi Makame, mwana wa Zaidi na wa Stara, nasema kwamba kaka yangu wa tumbo moja, Amiri, amekufa na amezikwa njia ya Tabora mahali nisipopajua. Mzinga wenye alama yake ulio juu ya mkuyu wa nyumba ya baba yetu nimeurithi mimi. Ushushe taratibu, kisha ukate.

Marehemu Amiri ameniachia mimi, nami nimekuruhusu.

Makame bin Zaidi,
mwenye mzinga